Dafu la Bikini

Assalamu alaykum. Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Dafu hili nimelinunua asubuhi hii hapo nje, muuzaji kalikata mbele ya macho yangu. Nitalinywa tukimaliza, wala hakuna kati yenu atakayeniuliza kama lina dhara. Naliweka hapa mezani mlione, kwa sababu habari yangu ya leo, ya mabomu ya nyuklia katika Visiwa vya Marshall, bila dafu haieleweki.

Visiwa hivyo viko katikati ya Pasifiki. Ni mbali, lakini mtu wa pwani yetu akishuka kule hawi mgeni wa kila kitu. Atakuta minazi, mishelisheli na mikadi. Atakuta vyombo vyenye matengo kama ngalawa zetu, ila vya kwao vina tengo upande mmoja tu. Ardhi yenyewe ni mikanda myembamba ya mchanga na matumbawe, iliyozunguka bahari tulivu kama ukingo wa sahani. Hiyo ndiyo atoli. Bikini ni atoli mojawapo.

Februari 1946, siku ya Jumapili, watu wa Bikini walikuwa wametoka kanisani. Ofisa wa jeshi la majini la Marekani, Ben Wyatt, aliwakusanya akawaomba wahame kwa muda, silaha mpya ijaribiwe kwa manufaa ya wanadamu na kukomesha vita vyote duniani. Kiongozi wao, Juda, akajibu kwamba wataondoka, kila kitu kiko mikononi mwa Mungu. Walikuwa watu 167. Mimi siwezi kuliita lile ombi. Kisiwa kilikuwa kimekwisha chaguliwa tangu Januari, kabla wenyewe hawajaulizwa.

Walipelekwa Rongerik, atoli nyingine, wakashikwa na njaa. Mwaka 1948 wakahamishwa tena, mwishowe wakawekwa Kili, kisiwa kimoja kisicho na maji tulivu ya ndani, mawimbi yanakipiga pande zote. Wavuvi mliopo hapa mnajua maana yake: miezi ya bahari chafu, chombo hakishuki.

Kuanzia 1946 hadi 1958, Marekani ililipua mabomu 67 katika visiwa vile. Nitasimama kwenye moja, lile lililoitwa Bravo, asubuhi ya 1 Machi 1954, huko huko Bikini. Wanasayansi walitarajia nguvu ya megatoni 6 hivi. Ikatoka 15, takriban mara elfu moja ya bomu la Hiroshima, kwa kuwa ndani ya bomu mlikuwa na lithiamu ya aina mbili, na ile waliyodhani itakaa kimya nayo iliripuka pamoja na nyingine.

Rongelap, atoli nyingine yenye watu, iko kilomita 150 hivi mashariki ya Bikini. Saa chache baadaye likaanza kudondoka vumbi jeupe: matumbawe yaliyosagwa na kuchomwa na bomu. Watoto wakalichezea. Likaingia katika maji ya mvua waliyokinga, likanasa kwenye nywele zilizopakwa mafuta ya nazi. Kufika usiku watu wanatapika na kuwashwa mwili mzima. Baadaye ngozi zikachubuka, nywele zikanyonyoka. Askari 28 wa Marekani waliokuwa Rongerik waliondolewa kesho yake. Watu wa Rongelap, waliokuwa karibu zaidi na bomu, walichukuliwa keshokutwa yake. Na baharini vumbi liliwaangukia wavuvi 23 wa Kijapani katika chombo chao, Daigo Fukuryu Maru. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka ule ule.

Mwaka 1957 watu wa Rongelap wakarudishwa kwao, wakiambiwa hapana neno. Madaktari wakawa wanakuja kila mwaka kuwapima damu. Watoto wengi waliofikwa na lile vumbi walipata uvimbe kwenye tezi ya shingoni. Wanawake walisimulia kuzaa viumbe laini visivyo na mifupa, mithili ya yavuyavu. Nawaombeni mama zangu mnisamehe kulisema hili, lakini wao walilisema hadharani, na si haki sisi tulifiche. Mwaka 1985 waliamua kuondoka wenyewe, wakabebwa na meli ya Rainbow Warrior.

Sasa turudi kwenye dafu. Udongo wa matumbawe una upungufu mkubwa wa potasiamu, na mnazi unaihitaji sana. Bomu limeacha ardhini sesiamu-137, kitu chenye mionzi, ambayo kwa mnazi inafanana na potasiamu. Mizizi inaivuta, inapanda hadi kwenye maji na nyama ya nazi. Kila miaka 30 hupungua nusu tu. Kwa hiyo unaweza kutembea Bikini, ukavua samaki, ukakinga mvua ukanywa. Kilichokatazwa ni kile kilichoota shambani mwa babu yako. Marekani ilitangaza mwaka 1968 kwamba kisiwa ni salama, familia zikarudi, zikala nazi zao. Mwaka 1978 zikaondolewa tena, sesiamu imejaa miilini.

Kule Enewetak, atoli nyingine iliyolipuliwa mabomu, kisiwani Runit, taka za mionzi zilimiminwa katika shimo la bomu la mwaka 1958, zikafunikwa kwa kuba la zege lenye unene wa sentimita 46. Kazi ilikamilika 1980. Shimo halikuwekewa sakafu, na maji ya bahari yanapanda na kushuka chini yake. Ndani mna plutoniamu, ambayo nusu yake huchukua miaka 24,000 kupotea.

Fidia? Marekani ilitoa dola milioni 150. Mahakama maalumu ya madai ilipokokotoa hasara ikapata zaidi ya bilioni mbili, na fedha za kulipa hazikuwepo.

Bendera ya Bikini imeiga ya Marekani, mistari na nyota, ila juu pembeni ina nyota tatu nyeusi: visiwa vitatu vilivyofutwa na Bravo.

Namwona mzee kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja wavuvi. Karibu, mzee wangu, uliza.