Msimhamishe dada chumba

Haya jamani, wa nyuma sogeeni mbele tusikilizane. Sheria ya Mtoto ya 2009 mnaijua, usajili wa vituo vya kulelea watoto mnaujua, siendi huko. Naongea lile lile ninaloongea kila semina, kwamba mtoto wa kituoni anahitaji mtu wake, mmoja, anayemjua kwa harufu na kwa sauti.

Unaingia kituoni, geti likifunguka tu watoto wanakuja mbio, mmoja ana miaka mitatu anakukamata mguu anataka umbebe, hajawahi kukuona hata siku moja, na mgeni anafurahi kweli, anapiga picha, anasema hawa watoto wana upendo jamani, wanalelewa vizuri. Mi hapo moyo unaniuma! Mtoto wa umri ule aliyetulia akiona mgeni anamkimbilia kwanza mtu wake, anajificha nyuma ya kanga, anachungulia, akishajiridhisha ndo anasogea. Nendeni soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, asubuhi muangalie mtoto wa mama muuza dagaa, mama anahangaika na wateja, mtoto anacheza kwenye magunia, kila baada ya muda anageuka kuhakikisha mama yupo, halafu anaendelea na michezo yake. Sasa wewe usiyemjua mnyanyue uone, hizo kelele soko zima litasikia. Kelele zile ni afya. Anayeenda kwa kila mtu hajapata bado wa kwake.

Na msiniambie haya ni ya Wazungu. Mary Ainsworth, mmoja wa waanzilishi wa elimu hii ya mtoto kushikamana na mlezi wake, alianzia hapo ng'ambo tu ya ziwa letu Victoria, vijijini karibu na Kampala, miaka ya 1950, akafuatilia familia 26 zenye watoto wadogo, anawatembelea majumbani anakaa anaangalia. Akaona mama ndo sehemu ya mtoto ya kuondokea na kurudia, anatambaa anaenda zake, akishtuka anarudi. Bibi zetu wa Kikerewe na Kisukuma wangemwambia hivyo hivyo.

Sasa najua mameneja mnataka kusema nini, maana mnaniambiaga kila mwaka: mtoto akimzoea dada mmoja, yaani mlezi wa kituoni, siku dada akiacha kazi mtoto ataumia, kwa hiyo bora tuwabadilishe vyumba kila mwezi wasizoeane. Ataumia ndiyo! Atalia, atagoma kula, na mlezi mwingine akiwa na subira atampokea, kwa sababu huyo mtoto ameshajifunza kwamba mtu akilia kuna mtu anakuja. Yule ambaye hajawahi kujifunza ndo kazi kubwa. Kule Romania baada ya serikali ya dikteta Ceaușescu kuanguka 1989 walikuta watoto wengi mno kwenye taasisi, baadaye watafiti pale Bucharest wakafuatilia watoto 136 waliokuwa taasisini, nusu wakapelekwa kwenye familia za malezi, na waliotolewa kabla ya kama miaka miwili ndo walioweza zaidi kushikamana na mlezi wao vizuri. Miaka miwili jamani, wakati sisi faili la mtoto kwenda kwenye familia linasubiri sahihi.

Hebu hesabuni kimoyomoyo, mtoto wenu wa mwaka mmoja ameshaogeshwa na mikono mingapi, wadada wa mchana, wa usiku, wa likizo, halafu wale wa kujitolea kutoka nje wanaokaa wiki chache wanaondoka na machozi uwanja wa ndege. Karibuni sana, wafundishe wakubwa, wapake rangi, wachimbe bustani. Kumuogesha, kumlisha na kumlaza mtoto mchanga ni kazi ya mlezi wake, basi.

Naona naonyeshwa saa. Haraka haraka: familia ya kuaminika ikipatikana msimkabidhi mtoto siku hiyo hiyo, mama mpya aje, wazoeane, alishe mbele ya dada. Kama kuna bibi Ukerewe mlipieni nauli ya meli aje amuone mjukuu, hela ya kupaka ukuta rangi huwa inapatikana. Na mishahara ya wadada, mnawalipa kidogo halafu mnashangaa wanaondoka! Ya vijana wanaotoka wakifika miaka 18 sijayagusa, afisa ustawi wa jamii atayachukua baada ya chai.