Asilimia 26 ya Nini?

Mheshimiwa Mwenyekiti, mabibi na mabwana, wanaonifahamu wanajua kwamba sijawahi kumaliza mhadhara wowote kuhusu homoni bila kuutaja mwezi wa Julai 2002, na leo pia sitawanusuru.

Mwezi huo, Marekani ilitangaza kusitishwa kabla ya wakati kwa sehemu moja ya utafiti wa Women's Health Initiative, iliyohusu wanawake 16,608 waliokoma hedhi, baadhi wakimeza estrojeni pamoja na projestini, yaani homoni za kike zinazotumiwa kupunguza adha za kukoma hedhi, na wengine kidonge kisicho na dawa. Habari iliyoenea ilikuwa fupi: homoni hizo huongeza saratani ya matiti kwa asilimia 26. Wanawake wengi waliviacha vidonge vyao mara moja, na madaktari wengi wakaacha kuviandika.

Sasa niulize swali langu la siku zote: asilimia 26 ya nini? Chukueni wanawake 10,000 wasiotumia homoni. Katika mwaka mmoja, 30 kati yao walibainika kuwa na saratani ya matiti. Chukueni wengine 10,000 waliotumia, walibainika 38. Ongezeko ni wanawake 8. Hesabu zote mbili zimetoka katika utafiti uleule na hakuna iliyo ya uongo, lakini aliyeisikia ile ya kwanza peke yake aliondoka akiamini kwamba katika kila wanawake wanne wanaotumia homoni mmoja ataugua, na nimeyasikia hayo kwa masikio yangu kutoka kwa watu wenye shahada zao.

Najua yupo anayeguna kimoyomoyo: kwani hao 8 si watu? Ni watu, na ndiyo maana nataka watajwe kwa idadi yao, pamoja na ongezeko la 8 wa kiharusi na 8 wa damu kuganda mapafuni, na pungufu ya 5 waliovunjika nyonga, ili mwanamke aweke yote kwenye mizani moja. Akikataa dawa baada ya hapo, amekataa kwa haki yake, na mimi sina neno.

Kuna pia suala la umri, ambalo hunikera zaidi. Wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, ilhali hedhi hukoma kwa kawaida karibu na miaka 51. Theluthi mbili yao walikwisha kufikisha miaka 60. Hata hivyo, jibu lao alipewa yule wa miaka 51 anayeamka usiku shuka limelowa jasho, kana kwamba nguo ya mmoja hukatwa kwa kipimo cha mwenziwe. Mwaka 2004 ilisitishwa sehemu ya pili, ya wanawake walioondolewa mfuko wa uzazi, waliopewa estrojeni peke yake. Kiharusi kiliongezeka, lakini saratani ya matiti haikuongezeka. Hilo halikupigiwa ngoma.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo vidonge vya uzazi wa mpango nitavipitia mbiombio. Oktoba 1995, Uingereza ilitahadharisha kwamba vidonge vya aina mpya huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Maradufu ya nini? Ilikuwa takriban mwanamke 1 katika kila 7,000, ikawa 2. Wengi waliviacha, na mwaka uliofuata mimba zilizotolewa nchini Uingereza na Wales ziliongezeka kwa takriban 13,000, wakati ujauzito wenyewe hugandisha damu kuliko vidonge vile.

Nilikusudia kueleza pia jinsi vidonge hivyo vinavyopunguza saratani ya ovari, lakini muda wangu umekwisha. Karibuni maswali, na atakayenitajia asilimia ajiandae kuulizwa ni ya nini.