Roboti Zenye Miguu: Kutoka Mguu Mmoja hadi Kazini

Mabibi na mabwana,

Nimeombwa kuizungumzia kampuni ya Marekani iitwayo Boston Dynamics, nami nitaanzia kwenye mguu mmoja, kwani huko ndiko wepesi wa roboti zake ulikochimbuka. Mwaka 1980 Marc Raibert alianzisha maabara ya miguu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, akaihamishia MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, mwaka 1986. Roboti yake ya mguu mmoja haikuweza kusimama tuli. Ilibidi irukeruke muda wote ili isianguke. Mashine nyingi za kutembea za wakati ule zilisogea taratibu, zikihakikisha kila mara kwamba uzito wake umeegemea miguu iliyokanyaga. Raibert yeye aliuacha mwili uelekee kuanguka, kisha akachagua mahali pa kukanyaga ili anguko hilo ligeuke kuwa hatua. Udhibiti wenyewe, jambo la kustaajabisha, ulikuwa na sehemu tatu tu: msukumo wa mguu uliamua kimo cha kuruka, mahali pa kukanyaga paliamua kasi ya kwenda mbele, na nyonga ikaunyoosha mwili wakati mguu ungali chini.

Raibert huyo ndiye aliyeianzisha Boston Dynamics mwaka 1992. BigDog, roboti ya miguu minne iliyojulikana mwaka 2005 na kufadhiliwa na DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilikusudiwa kuwabebea askari mizigo mahali pasipofikika kwa gari. Ilipopigwa teke ubavuni ilipepesuka, ikajishika, ikaendelea na safari. Hata hivyo, miguu yake iliendeshwa kwa haidroliki, yaani kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu, na pampu hiyo ilizungushwa na injini ya petroli yenye makelele. LS3, mrithi wake mkubwa zaidi, ilijaribiwa na askari wa Marine wa Marekani, lakini ikawekwa kando, kwa kuwa kelele zake zingewafichua kwa adui. Kwa maoni yangu tukio hilo linafundisha mengi kuliko video zote za sarakasi, kwa maana kilichoiponza roboti hiyo ni kelele, si miguu yenyewe.

Umiliki ulipita kwa Google mwaka 2013, kisha kwa SoftBank ya Japani, na tangu 2021 uko kwa Hyundai. Kilichobadili hali ni umeme. Spot, roboti ya miguu minne inayotumia betri na mota, iliuzwa kwa umma mwaka 2020 kwa dola 74,500; hubeba takriban kilo 14, hupanda ngazi, na hukagua mitambo viwandani, ikisoma vipimo na kupima joto. Atlas ya haidroliki, roboti yenye umbo la binadamu iliyopiga sarakasi ya kinyumenyume mwaka 2017, ilistaafishwa Aprili 2024, nafasi yake ikachukuliwa na Atlas ya umeme, ambayo baadhi ya viungo vyake hugeuka kupita uwezo wa binadamu.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba miguu inafaa kila mahali. Penye sakafu tambarare gurudumu ni rahisi na halichoshi betri, na kampuni hiyohiyo, ilipotaka roboti ya kupakua maboksi ghalani, ilitengeneza Stretch, ambayo hutembea kwa magurudumu.