Nani Ameshika Ufunguo? Mhadhara juu ya kujitolea katika makanisa madogo

Waheshimiwa wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama na vijana mliotoka vijijini, pamoja nanyi wenyeji wa hapa Tororo mjini, Bwana Yesu asifiwe. Nimeombwa nizungumze juu ya kujitolea katika kanisa dogo, na kwa kuwa nimekuwa mweka hazina wa kanisa la namna hiyo kwa muda mrefu, nitaanzia mahali ninapopafahamu vizuri, yaani mlangoni.

Jumapili moja, miaka kadhaa iliyopita, watu wapatao arobaini tulisimama nje ya kanisa letu tukinyeshewa, kwa sababu mama aliyeshika ufunguo alikuwa amelazwa tangu usiku wa Ijumaa na hakuna aliyekuwa na habari. Mama huyo ndiye aliyefagia, ndiye aliyefua vitambaa vya meza ya Bwana, ndiye aliyetunza daftari la wagonjwa wa kutembelewa, na ndiye aliyejua ni jirani gani huazima viti siku ya msiba. Kila mwaka kwenye sherehe ya mavuno tulimpigia makofi, kisha tukaenda zetu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nasi tuliuona wa kwake mwepesi kwa kuwa hatukuwahi kuuinua. Linaloniuma hadi leo ni kwamba swali letu la kwanza pale mlangoni lilihusu ufunguo. Swali juu ya mama mwenyewe lilikuja baadaye, tena likaulizwa na mtoto.

Kujitolea ni kazi, ndugu zangu, na kazi isiyopangwa humwangukia mtu yule yule hadi augue, au akasirike na kuhamia kanisa jingine. Sisi wazee humwita mtu kama huyo nguzo ya kanisa, jina zuri ambalo mara nyingi limetusaidia kukwepa kushika ufagio.

Mtu asidhani kwamba kugawana kazi ni mtindo wa mjini ulioingia juzi. Mapadre wa kwanza wa White Fathers, shirika la wamisionari Wakatoliki, walifika Buganda, ufalme wa hapa kwetu Uganda, mwaka 1879, lakini mwishoni mwa mwaka 1882 waliondoka, wakavuka ziwa kwenda kusini, na hawakurudi hadi 1885. Waumini wao, ambao wengi walikuwa bado hawajabatizwa, walibaki bila padre hata mmoja. Walichokuwa nacho ni watu waliokubali kuwajibika kila mmoja mahali pake: Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana wa ikulu ya mfalme, Andrea Kaggwa alikuwa na kundi lake, na huko Mityana walikuwapo Matia Mulumba na Luka Banabakintu. Mapadre waliporudi walikuta kundi limeongezeka. Tunapokwenda Namugongo kila tarehe 3 Juni huwakumbuka mashahidi, yaani hao wanne na wenzao waliouawa kwa ajili ya imani, kwa jinsi walivyokufa, na ni haki yao. Mimi huikumbuka pia ile miaka karibu mitatu ambayo walifundisha, wakatembeleana na kutunzana bila mshahara wa mtu yeyote. (Niongeze, kwa furaha ya sisi tunaosali kwa Kiswahili, kwamba wasomaji wengi wa siku zile walianza na maandiko ya Kiswahili kabla ya Injili kuchapwa kwa Kiganda.)

Hali ya leo haiko mbali sana na ile. Mchungaji mmoja huwa na makanisa kadhaa, na Jumapili nyingi ibada huongozwa na msomaji, yaani muumini asiye mchungaji, ambaye Waganda humwita omubuulizi, mtu mwenye shamba lake na watoto wa kusomesha. Hapo ndipo swali la fedha linapoingia, nalo huwa hatulipendi.

Mnajua mnada wetu baada ya ibada. Mtu ameleta mayai, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine jogoo. Jogoo huyo hununuliwa, mnunuzi humrudisha, ananunuliwa tena, na kabla ya saa saba mchana amekwisha kuuzwa mara tatu huku tukicheka. Ni utoaji wa furaha, nami sitaki ukome. Lakini kwa miaka mingi niliandika katika daftari kila shilingi iliyotoka kwenye jogoo, wala sikuandika sabuni ya yule mama, wala nauli ya bodaboda ya kijana anayekwenda kumsomea mzee asiyeona, wala vocha ya simu ya anayewakumbusha wanakwaya mazoezi. Fedha hizo zilitoka mifukoni mwa watu ambao aghalabu ndio wenye kipato kidogo kuliko sisi tuliokaa viti vya mbele. Tangu tulipoanza kurudisha gharama hizo, jambo la ajabu limetokea: waliokuwa wakisema hawana nafasi wamejitokeza. Kumbe walichokosa ni nauli, na walikuwa wanaona haya kusema.

Kuhusu uaminifu, sihitaji kuwafundisha akina mama wa vikundi vya akiba. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na fedha huhesabiwa mbele ya wote wanaohudhuria. Hakuna anayesema kwamba kufuli tatu ni dharau kwa mweka hazina. Mimi mwenyewe niliona uchungu kidogo walipopendekeza utaratibu huo kanisani, lakini tangu uanze nalala vizuri zaidi, kwa sababu fedha zikipungua hakuna anayenitazama mimi peke yangu.

Machi 2020, nyumba za ibada zilipofungwa kwa sababu ya korona, tulijifunza jambo moja kwa haraka. Makanisa yaliyokuwa yamegawanya waumini kwa mitaa, nyumba sita au saba kwa mtu mmoja wa kuzitazama, yalijua ni nani amekosa unga. Yaliyokuwa na tangazo la mimbarani pekee hayakujua.

Hatua tulizochukua sisi ni ndogo. Zamu ya usafi ni ya miezi mitatu, na wanaume wamo. Kila mwenye kazi ana mwenzake anayejifunza kwake. Mtu akiomba kupumzika, hatuulizi amekosana na nani, ingawa hili lilikuwa gumu kulizoea, maana katika kanisa dogo kupumzika huonekana kama kususa. Mama yetu alipona. Alipumzika mwaka mzima, kisha akarudi kwa hiari yake kutunza daftari la wagonjwa tu, na ameyakataa mengine yote kwa upole.

Funguo za mlango sasa ni tatu. Kilichobaki ni ngoma ya kuwaita watu asubuhi: anayeipiga ni kijana mmoja tu, hodari kweli, na mwezi wa pili anakwenda kuanza sekondari ya bweni. Nimetangaza mara mbili kwamba tunatafuta wa kujifunza kwake, na hadi jana jioni hakuna aliyekuja.