Seli Inayosoma Nukta

Asalaam alaykum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kuja, na joto lenyewe hili la Mombasa.

Nianzie chuoni, pale tulipojifunza Kurani. Wengi wetu tulisomea vyuo vya Mji wa Kale, na mwajua bakora ya maalim ilivyokuwa karibu ukikosea nukta. Hiyo herufi ha ya Kiarabu, itie nukta juu, imekuwa kha. Itie chini, imekuwa jim. Umbo ni lile lile. DNA nayo, ile kemikali ya urithi iliyo ndani ya seli, ni maandishi ya herufi nne, A, C, G na T, na bakteria huandikwa kwa herufi zizo hizo zetu. Basi seli ya kinga itamjuaje mgeni?

Kwa nukta. Kwetu sisi, C ikifuatwa na G mara nyingi hubandikwa kikemikali kiitwacho methili. Tena jozi hiyo kwetu ni adimu. Bakteria wanayo tele, na haina nukta.

Mwaka 1984 Tohru Tokunaga na wenzake huko Japani walitoa ndani ya bakteria wa BCG, ile chanjo iliyotuachia kovu mkononi, mchanganyiko uliojaa DNA, ukapunguza uvimbe wa saratani kwa panya. Mwaka 1995 Arthur Krieg na wenzake, Marekani, wakaonyesha kuwa siri ni hiyo C-G isiyo na methili: seli B, ambazo ni seli za kinga, zikiipata huzaana mbio na kutoa kingamwili, protini za kunasa wageni. Mwaka 2000 maabara ya Shizuo Akira, Osaka, ikampata msomaji mwenyewe: kipokezi TLR9, protini ya seli inayoitambua C-G hiyo.

Hapa ndipo ninapopapenda. TLR9 hakai mlangoni. Hukaa ndani, kwenye vifuko ambamo seli husaga ilichomeza. DNA yetu iko kwenye kiini, haina safari ya huko. Ila kwa mgonjwa wa lupasi, maradhi ya kinga kuushambulia mwili wake wenyewe, kingamwili huisindikiza hadi kifukoni, na hapo seli humpigia mwenye nyumba ukelele wa mwizi.

Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha chanjo ya homa ya ini B kwa watu wazima, iliyotiwa uzi wa DNA wa herufi 22 uliotengenezwa maabara, wenye C-G zisizo na methili, ili TLR9 ausome na kuamsha kinga. Sindano mbili ndani ya mwezi mmoja, badala ya tatu ndani ya miezi sita.

Naam, kaka wa nyuma? Anauliza kama uzi huo utaibadili DNA yake. La. Haubebi jeni yoyote, na husomwa mle kifukoni, kisha husagwa.

Haya, bibi hapo mbele, karibu.