Roboti ya Miguu Sita Darasani: Kufundisha Mwendo wa Mende

Karibuni, ndugu wakufunzi wa uhandisi. Leo tutaunda roboti ya miguu 6 inayotembea kwa mwendo wa mende, kwa mota 3 tu za servo, yaani mota zinazogeuka hadi pembe zinayoamriwa na kubaki hapo. Genghis, roboti iliyoundwa katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 1989 katika maabara ya mtafiti wa roboti Rodney Brooks, ilikuwa na mota 2 kwa kila mguu. Sisi tunazipunguza makusudi, maana mota zikiwa chache mwanafunzi asiyeuelewa mwendo hana pa kujificha.

Kwanza, kabla mtu hajagusa waya, waonyesheni wanafunzi picha za mende anayekimbia, zikiwa zimepunguzwa kasi. Wataona kwamba mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja hukanyaga pamoja na ule wa kati wa upande wa pili, huku mitatu mingine ikiwa hewani. Ni mafiga: maadamu kitovu cha uzito kimo ndani ya pembetatu hiyo, mwili hauanguki. Wazichore pembetatu zote mbili. Hatua hii isirukwe.

Pili, gundisheni mota. Mota ya kila ubavu huendesha mguu wa mbele na wa nyuma kwa pamoja, na ile ya katikati huinamisha miguu miwili ya kati, hivi kwamba wa kulia ukishuka, wa kushoto hupanda.

Tatu, umeme. Mota zikibeba mzigo hunyonya mkondo mwingi kuliko bodi ya Arduino, kompyuta ndogo inayoziongoza, inavyoweza kutoa, nayo bodi hujizima na kuwaka upya. Zipeni betri zake 4 za kuchaji, jumla volti 4.8, kisha unganisheni hasi ya betri na hasi ya bodi. Waya huu husahauliwa mno, na mota hubaki zikitetemeka ovyo.

Nne, programu. Mguu wa kati wa kulia unashuka na kuinua ubavu wa kulia; miguu ya kulia inakwenda mbele huku ya kushoto ikirudi nyuma na kuusukuma mwili; kisha unainuliwa ubavu wa kushoto, na zamu inabadilika. Msiwatajie muda wa kusubiri kati ya amri. Waacheni waanze bila muda wowote, waione roboti ikipapatika palepale kwa sababu mguu unapelekwa mbele kabla haujaondoka sakafuni. Mota ndogo ya aina hii huzunguka nyuzi 60 kwa takriban sekunde 0.1; kutokana na hapo wakokotoe wenyewe.

Roboti ikishatembea, wageuze mpangilio wa miguu ya kushoto peke yake, nayo itakata kushoto. Hatimaye iwekwe juu ya ubao unaoinuliwa kidogo kidogo hadi ipinduke, na kila kundi lilinganishe pembe hiyo na ile lililoikokotoa kutoka kwenye pembetatu.