Hesabu ya Jioni: Kuishi na Kufanya Kazi Ranchini

Marahaba, wanangu. Marahaba. Walimu, asanteni kwa kunipokea.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya kukaa ranchini. Unapewa nyumba ndani ya uzio, unaishi humo na familia yako, unaangalia mali ya mtu ambaye mwenyewe yuko mjini na anafika mara moja kwa mwezi. Wengine wanaiita usimamizi, wengine wanasema mlinzi wa shamba. Wengi wenu mkishapata vyeti vya mifugo mtaanzia hapohapo. Mimi ni mtu wa Kondoa, na kazi hiyo nimeifanya miaka 11, kuanzia 2005 hadi 2016, kwenye ranchi ya mtu binafsi katika nyanda za Kongwa, mkoani Dodoma.

Nianze na saa kumi na mbili jioni, maana siku ya ranchi hufungwa saa hiyo. Ng'ombe wanarudi, vumbi limetanda, ndama wanalia upande wa pili. Mlango wa zizi tumeubana kwa magogo mawili ili wapite mmoja mmoja, wakisukumana sana wawili. Mimi nasimama upande huu, mchungaji mkuu upande ule. Mfuko wangu wa kulia una kokoto. Kila wakitimia ishirini, kokoto moja inahamia mfuko wa kushoto. Hatusemeshani wala hatuitikii salamu. Wakiisha, kila mmoja anataja namba yake. Kokoto kumi na ng'ombe kumi na wawili juu yake: 212. Zikilingana, naandika kwenye daftari. Zisipolingana tunawatoa wote na kuanza upya, hata kama mvua inanyesha.

Yule mchungaji alikuwa mzee wa Kigogo, na namba alizitaja kwa ajili yangu tu. Yeye alikuwa na hesabu yake nyingine. Siku moja namba zetu zililingana kabisa, nikafunga mlango, naye akasema, "Fungua. Yule mweusi mwenye pembe iliyoinama hajapita." Nikabishana naye, tumehesabu wote wawili! Tukatazama, na kweli hakuwemo. Dume la jirani lilikuwa limejichanganya na kundi letu, likajaza nafasi yake. Mweusi tulimkuta korongoni usiku ule, amezaa, amesimama juu ya ndama wake.

Tangu siku hiyo nikaelewa kwamba kuhesabu ni kukagua. Ng'ombe anapopita mbele yako kwa sekunde mbili, unamwangalia masikio, pua, mwendo, tumbo. Nani aliyekuwa katikati jana na leo anakuja wa mwisho? Nani amelaza masikio? Ndama gani ana uvimbe chini ya sikio? Huo uvimbe, wanangu, usilale nao hadi asubuhi. Tezi za pale ndizo zinazovimba mapema mnyama anapopata ugonjwa wa ndigana kali, kwa sababu kupe wa kahawia anayeuleta hupenda kung'ata sikioni. Pima joto. Ng'ombe mzima yuko kwenye nyuzi 38 na pointi hadi 39. Ukikuta 41 na tezi imevimba, tafuta dawa usiku huohuo. Dawa ipo na inaponya, ila inaponya anayewahiwa. Akishaanza kupumua kwa shida na povu linatoka puani, umechelewa.

Josho, yaani kuogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe, hamtalikwepa. Nitasema jambo moja tu, maana mengine mnafundishwa vizuri hapa. Mwenye ranchi atawaambia mpunguze dawa kwenye maji kwa kuwa bei imepanda. Kataeni kwa adabu, lakini kataeni. Dawa dhaifu haiui kupe wote, na wanaobaki ndio wanaozaa kupe sugu. Baada ya misimu michache utaogesha kila wiki na kupe wanakuangalia tu.

Sasa maji. Ng'ombe mkubwa wakati wa joto anakunywa lita 40 kwa siku, pengine zaidi. Zidisheni kwa kundi langu: zaidi ya lita 8,000, kila siku, kuanzia Juni hadi mvua itakapoamua kurudi Novemba au Desemba. Kongwa ina msimu mmoja wa mvua, na mvua yenyewe haina uhakika. Waingereza walilijua hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1947 walifyeka nyika ile kwa matrekta ili walime karanga, na kufikia 1951 mpango wote ulikuwa umekufa. Mvua haikutosha, na udongo wa mfinyanzi ukikauka unashikana kama saruji, karanga hazing'oki. Nchi ile ni ya majani na mifugo, na Wagogo walikuwa wakichunga pale kabla trekta la kwanza halijafika. Mimi udongo ule nimeuchimba kwa sururu mwezi wa Septemba nikizika bomba, nawaambia ninachokijua.

Pampu yetu ya dizeli ilikuwa inafanya kazi usiku ili matenki yajae kabla ya jua. Nyumba yangu ilikuwa hatua kama mia mbili kutoka kisimani. Mgeni akilala kwetu usiku wa kwanza, kelele za mashine zilimnyima usingizi. Sisi zilitubembeleza. Kilichokuwa kinaniamsha ni ukimya. Saa nane usiku mashine inazima, na kabla sijajua nimeamka, tayari natafuta viatu na tochi. Mke wangu naye ameketi kitandani. Huulizi kuna nini. Ukilala hadi asubuhi, mabirika yatakuwa makavu na ng'ombe mia mbili watakuwa wamesimama mbele yake wanakutazama.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa nanyi. Mwili wangu ulikuwa kitandani, lakini sikio langu lilikuwa kazini. Miaka 11 nilihesabu ng'ombe wa mwenye mali kila jioni, nikaandika. Usiku wangu hakuna aliyeuhesabu, na mimi mwenyewe sikuuhesabu.

Nilianza kazi kwa maneno ya mdomo. Tulipeana mikono chini ya mgunga, akaniambia mshahara wa mwezi, nyumba bure, maziwa ya watoto bure. Nikaona nimepata. Lile neno "bure" ndilo lililonifunga mdomo, maana kila nilipotaka kuuliza habari ya siku ya kupumzika niliona haya: mtu amenipa nyumba, nimdai na Jumapili? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilitungwa 2004, mwaka mmoja kabla sijaanza, ikaanza kutumika nikiwa tayari kazini. Inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Inasema saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Inasema kila wiki upate saa 24 za mapumziko, na kila mwaka likizo ya siku 28 yenye malipo. Usiku, kwa maana ya sheria, ni kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, na saa iliyofanyiwa kazi humo ina nyongeza ya asilimia 5. Nyumba bure haifuti hata moja ya hayo.

Muwe macho na jina la "msimamizi". Sheria hiyohiyo inawatoa kwenye masharti ya saa za kazi wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Ukipewa cheo, uliza siku ya kwanza kama na wewe unahesabiwa humo, maana cheo kinaweza kukuongezea heshima na kukuondolea saa. Na dai maandishi: kazi yako ni nini, mahali gani, saa ngapi, malipo kiasi gani. Hata mkifika kwenye mgogoro na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi, ni juu yake kuthibitisha kwamba mlipatana vingine. Laiti ningelijua hilo.

Kuna mtu mwingine ambaye hakuajiriwa kabisa lakini alifanya kazi. Mke wangu. Ndama aliyefiwa na mama alinyweshwa kwa chupa na yeye, mara tatu kwa siku. Wanunuzi wakija mimi nikiwa malishoni, yeye ndiye aliyewapokea. Nikienda mnadani, yeye ndiye aliyesimama mlangoni jioni na kokoto kwenye kanga. Jina lake halikuwahi kutajwa kwenye mshahara. Ninyi mtakaooa, na ninyi mabinti mtakaoolewa na watu wa ranchi, mambo haya yapatanwe kabla ya kuhamisha vyombo. Kama wawili wanahitajika, waajiriwe wawili.

Niseme na habari ya 2007, kwa sababu walimu wameniomba. Mvua za mwanzo wa msimu ule zilikuwa kubwa sana, mbu wakawa wengi. Ng'ombe wakaanza kutupa mimba, leo wawili, kesho wanne, kondoo wakafuata. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, na Dodoma yetu ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Watu walikufa. Kabla jina la ugonjwa halijatufikia, mimi nilikuwa nimeshamsaidia ng'ombe kutoa ndama mfu kwa mikono mitupu, damu hadi viwikoni, kisha nikanawa kwa maji tu nikaenda kula. Mungu alininusuru, sina maelezo mengine. Glovu ziwepo nyumbani kwako kama chumvi ilivyo. Maziwa yachemshwe. Mnyama aliyekufa ghafla na damu inamtoka puani au nyuma bila kuganda, usimpasue, usimchune, hata majirani wakikuomba nyama. Hicho kinaweza kuwa kimeta. Mwite afisa mifugo, na mnyama ateketezwe au azikwe chini sana.

Moto nitaupita haraka: limeni barabara za kuzuia moto mapema, majani yakiwa bado na ubichi.

Mwaka 2016 ranchi iliuzwa. Nilipewa siku tatu. Siku ya kwanza niliwahesabu ng'ombe wote mbele ya mnunuzi, mlangoni palepale, yeye upande wa mzee. Wakatimia bila pungufu hata mmoja, akaweka sahihi. Siku ya pili na ya tatu tulifunga vyombo. Lori la kutufikisha Kondoa nililikodi kwa fedha yangu. Hakuna aliyeniambia kwamba anayeajiriwa kwa mshahara wa mwezi anastahili notisi ya siku 28. Wala kwamba mwajiri anayekuachisha mbali na mahali alipokuajiri anawajibika kukurudisha wewe na mizigo yako, au alipe nauli hiyo. Wala kwamba ukiachishwa namna ile kuna kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimiza, hadi miaka kumi. Nilikuja kuelezwa na mwalimu mmoja jirani yetu wa Kondoa, siku arobaini na kitu zilikuwa zimepita. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda akiwa na sababu ya kueleweka. Hilo nalo nililijua baadaye.

Iliniuma, na bado inaniuma. Kazi yenyewe sijutii. Nikisikia ng'ombe wanarudi jioni, hata wa mtu mwingine, najikuta nahesabu.

Naona mwalimu ananionyesha saa. Daftari la miaka yangu mitatu ya mwisho nimekuja nalo, lipo hapa mezani. Mje mlifungue. Kalamu nyeusi ni hesabu ya jioni. Mistari ya penseli pembeni, "pampu saa nane", "ndama wa chupa mara tatu", "usiku simba korongoni", hiyo aliandika mke wangu, na mimi nilidhani anaandika kwa kujifurahisha tu.